Mafuta Kwenye Chuma

Jumatatu, 10 Februari 1964

Mume wangu ameajiri msichana.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake nione kama itapungua uzito ikikaa kwenye karatasi. Haijapungua.

Anaitwa Mukamurenzi. Ametoka kwenye milima ya wafugaji huko juu, na amekuja kukaa kwa shangazi yake hapa Songo. Amesoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, anajua hesabu, haongei sana. Haya yote Basile aliyasema akila, macho yake kwenye bakuli la sombe, na mume asiyeinua macho ana jambo.

"Kazi imetuzidi," akasema. "Weye peke yako hautamaliza plastiki mbili mbele ya Pasaka."

"Minye nilikuambia nimechoka?"

"Hapana."

"Basi nani alichoka?"

Akaomba maji.

Niieleze kazi yenyewe, maana hata mama mkwe wangu anadhani tunacheza. Wamama wanaokausha ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, hapa ufukweni wameunda umoja. Wanataka kuacha magunia na kufunga samaki kwenye mifuko ya plastiki, ili mvua isiwaozeshe njiani kwenda Bukavu. Shida ni kwamba ndagala aliyekauka vizuri anachoma, kichwa na mkia. Akitoboa mfuko, unyevu unaingia na mfuko mzima unanuka. Mwenye duka mmoja wa Bujumbura ametuletea rulo mbili za plastiki iliyoviringishwa za kujaribia, moja nyeupe, moja ya buluu. Umoja utaagiza aina moja tu. Basile, aliyekuwa msaidizi kwenye maabara ya pamba enzi za Wabelgiji, ndiye aliyeombwa achague.

Chombo tumekiunda wenyewe, kwenye depo, ghala ya umoja. Duara langu la mbao la kutarizi, nililotoka nalo fwaye, kwenye mafunzo ya ushonaji ya masista, linabana kipande cha plastiki hadi kinakaza kama ngozi ya ngoma. Juu yake kinasimama chuma chembamba, ncha yake imesuguliwa ikawa butu kidogo kama kichwa cha ndagala. Juu ya chuma kuna kisahani cha bati. Unaweka mawe ya mizani moja moja, polepole, mpaka plastiki itoboke. Unaandika uzito, unabadilisha kipande, unaanza tena. Nimefanya hivyo tangu Noeli, ubavuni mwa mume wangu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile katika miaka yote ya ndoa yetu. Mtoto hatuna. Tulikuwa na ile meza.

Jumatano, 12 Februari

Ameanza leo. Ni mrefu. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 14 Februari

Giza la mwezi, wavuvi wamejaa ziwani, ufukwe wote umetandazwa ndagala na wamama wanafukuza kunguru kwa fimbo.

Basile ametugawia kazi. Mimi nibaki na nyeupe, msichana achukue buluu, tupokezane chuma kimoja. Nilimwonyesha: unafuta ncha kila baada ya kutoboa, kwa sababu plastiki inaacha nyuzi nyuzi. Mimi nafuta kwa kitambaa. Yeye alitazama kitambaa changu, akaona kimechakaa, akafuta kwa vidole vyake. Safi sana, taratibu sana, kama anamfuta mtoto pua.

"Ni hivi, mama?" akaniuliza.

Mama! Hapa Songo kila mwanamke ni mama wa fulani, na mimi ni Domitille tu, au bibi ya Basile. Najua alisema kwa heshima, kwao ndivyo walivyolelewa. Lakini neno liliniingia mahali ambapo silipendi.

"Ni hivyo," nikasema.

Alhamisi, 20 Februari

Buluu inashinda nyeupe. Si kidogo, ni mbali. Wakati nyeupe yangu inatoboka, buluu yake inakwenda chini polepole, inanyooka, inashikilia, na yeye anaongeza jiwe, na jingine tena. Basile anasimama nyuma yake akishika pumzi. Nyuma yangu hajawahi kushika pumzi.

"Ona mukono yake," ananiambia. "Haitetemeki."

Mkono wangu nao hautetemeki. Leo ndipo ulipotetemeka, na kila mtu anajua kwa nini.

Ijumaa, 21 Februari

Mvua. Buluu tena.

Alhamisi, 27 Februari

Mbalamwezi, hakuna uvuvi, na mji unapokosa ndagala unakula maneno. Mama mkwe ameshuka kutoka Nyakabere na kikapu cha mihindi. Alipita depo kwanza, kabla ya nyumbani kwangu. Alipofika kwangu, miguu bado ina tope, maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni.

"Nimeona ile mutoto ya mulima. Iko na adabu."

"Iko na adabu, mama."

"Na nyonga nzuri."

Nikamwekea bugali. Alikula akinitazama tumboni, kama mtu anayetazama barabara kama basi linakuja. Amefanya hivyo miaka sita, na bado sijajua niweke wapi mikono yangu.

Jumanne, 3 Machi

Msichana aliimba wimbo wa kanisani kwao akipima. Basile akaitikia sauti ya chini, anaijua. Mume wangu ni Mkatoliki tangu ubatizo, nyimbo za Waprotestanti amezijulia wapi?

Jumatatu, 9 Machi

Redio inasema kuna fujo magharibi, mbali sana. Basile anasema mambo ya mbali. Mimi yangu iko karibu, iko mita moja kutoka kiti changu, na leo imevaa kitenge cha kijani.

Jumanne, 17 Machi

Leo hakuja, shangazi yake ana malaria. Basile alikuwa kwa mwenye depo. Nikabaki peke yangu na zile rulo mbili, na nikasema ngoja niishike hiyo buluu inayopendwa.

Nikakata kipande, nikakibana, nikafuta chuma kwa kitambaa changu, nikaanza. Mawe hayakufika hata nusu. Ikatoboka. Nikadhani kipande kibovu. Nikachukua kingine, kingine, nikakata katikati ya rulo, nikakata mwisho. Zote zilitoboka mapema, mapema kuliko nyeupe. Hiyo buluu ni karatasi ya kufungia pipi.

Basile aliporudi nilimwambia. Nilijitahidi sauti yangu isiwe na utamu wowote, lakini ulikuwepo, hata mimi niliusikia.

Aliyapanga mawe ya mizani. Kisha akasema, "Domitille, minye niko na macho. Tangu ile mutoto afike, haulali vizuri, haukuli vizuri. Ukiweka jiwe na hasira, plastiki itatoboka tu."

"Jiwe halijui hasira."

"Mukono inajua."

Maana yake: ni wivu. Alilizungusha neno ili lisiniguse, likanigusa.

Alhamisi, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Sikuomba lolote, nilikuwa natazama.

Nilimtazama msichana kazini kuanzia anavua viatu mlangoni. Na leo ndipo nilipojua ile harufu inayoingia naye kila asubuhi ni nini. Ni mafuta ya ng'ombe. Kwao juu wanajipaka mwilini tangu utotoni, ngozi inang'aa, baridi haiwakati. Ana kibuyu kidogo anakiweka kwenye kona, na mvua ikimchapa njiani anajipaka tena mikono kabla ya kukaa. Halafu anakaa, anachukua chuma, anafuta ncha kwa vidole.

Kwa vidole!

Ijumaa, 20 Machi

Nimejaribu. Alipotoka kwenda kuchota maji nilichovya kidole kwenye kibuyu, nikapaka ncha ya chuma, nikaweka nyeupe yangu kwenye duara. Chuma kikashuka, plastiki ikateleza chini yake, ikajinyoosha, ikashikilia mawe ambayo haijawahi kuyashikilia. Nikafuta kwa kitambaa, kipande kipya: ikatoboka pale pale pa zamani.

Basi ndiyo hiyo. Chuma kikiwa kikavu kinang'ang'ania mahali pamoja na kupasua. Kikiwa na mafuta kinateleza, plastiki inapata nafasi ya kuvutika. Ndagala hajipaki mafuta. Tukiagiza buluu, samaki wa wamama wote wataozea njiani.

Nilipaswa kufurahi kwa ajili ya samaki. Nilifurahi kwa ajili yangu, nikacheka peke yangu mle depo mpaka nikaziba mdomo.

Jumapili, 22 Machi

Jumapili ya Matawi. Nimefanya jambo na sijui kama ni jema.

Kumwambia Basile nisingeweza, angesema wivu tena. Kumwambia msichana mwenyewe sikutaka, kwa sababu angesema "samahani, mama", angenawa mikono, na Jumatatu angerudi kukaa palepale. Mimi sikutaka anawe. Nilitaka aondoke, na nilitaka aondolewe kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo baada ya misa nikamfuata Mama Pétronille, mkubwa wa umoja wa wamama, mwanamke ambaye akikohoa ufukwe mzima unageuka. Bado alikuwa na tawi lake mkononi.

"Mama, ile plastiki ya buluu ni ya uongo. Ile musichana iko na mafuta ku mikono. Anapaka ku chuma."

"Mafuta gani?"

"Ya ng'ombe. Chuma ikiwa na ile mafuta, haitoboe."

Alisimama. "Haitoboe?"

"Haitoboe upesi."

"Chuma," akasema tena, polepole. "Anapaka mafuta ku chuma, na chuma haitoboe."

Niliona anakwenda na maneno yangu njia nyingine kabisa, njia ya dawa. Nilikuwa na nafasi ya kumrudisha. Watu walikuwa wanapita, jua lilikuwa kali, na nikajiambia kwamba atamfukuza, njia yoyote ile. Nikaaga.

Jumanne, 24 Machi

Wamekuja leo. Mama Pétronille mbele, wamama watatu nyuma yake, na hakuna aliyekaa alipopewa kiti.

"Mesiyo Basile, ile musichana anaweka dawa ku kazi yetu. Atoke."

Basile akanigeukia mimi, si msichana. Alijua maneno yametoka wapi. Mimi nikatazama mizani.

Mukamurenzi aliinuka. Nilingoja alie, au akane, au anielekeze kidole, ningejua la kufanya. Aligeuza mikono yake, akaitazama viganjani muda mrefu. Halafu akatoka nje, akanawa kwa sabuni na majivu hadi viwiko, akarudi, akachemsha maji, akaosha na chuma. Akabana buluu kwenye duara, akaweka mawe. Ikatoboka mapema. Akapaka mafuta ncha, kipande kipya: ikashikilia. Akaosha, kipande kipya: ikatoboka.

Mwishoni akasema, "Ni mafuta yangu. Mama Domitille anasema kweli. Buluu ni zaifu, musiinunue. Ni kosa yangu minye, hapana ya mesiyo."

Hata kushindwa anashinda vizuri! Ningekuwa mimi ningesingizia mvua, chuma, na kitambaa cha mwenzangu. Niliona aibu, na juu ya aibu niliona uso wa Basile, na ile heshima iliyokuwa usoni pake sijawahi kupewa mimi, hata siku ya harusi.

"Domitille, ulisema kweli," akasema. Aliyasema akimtazama yeye.

Na wamama? Nilidhani wataondoka wametulia. Walitoka kinyumenyume. Mmoja wao alikuwa amekumbatia mikono kifuani. Walichokuja nacho ni maneno, na walichoondoka nacho ni kwamba wameona kwa macho yao mafuta ya mlimani yakizuia chuma.

Jumapili, 29 Machi

Pasaka. Umoja umechagua nyeupe. Msichana hakufukuzwa. Sasa anafuta chuma kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe amekishona yeye, kimoja chake na kimoja changu. Changu kina ua pembeni. Nimekosa sababu ya kukitupa.

Jumatatu, 13 Aprili

Giza la mwezi lakini mitumbwi michache. Watu wa Bonde la Ruzizi wanasema vijana wamechukua mikuki, wanajeshi wamechoma nyumba. Nyeupe imeagizwa, haijaja, na mpaka wa Burundi unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule.

Jumamosi, 18 Aprili

Sokoni mwuza chumvi amenivuta kando. "Dada, ile mafuta ya binti ya mulima, ile chuma haipite, minye naweza kupata kidogo? Mutoto wangu ameenda na bale batu ya pori."

Nilimweleza yote: plastiki, kuteleza, mawe. Alinisikiliza kwa adabu, na nilipomaliza akaniuliza ni kijiko kimoja au viwili.

Jumapili, 19 Aprili

Wengine wawili wameniomba yale mafuta, mmoja kanisani. Na Hyacinthe, fundi baiskeli wetu, aliyeacha karakana na kwenda na vijana, ametuma mtu kuuliza kama ni kweli risasi nayo inateleza.

Nimetapika. Kwa dakika moja, nikiwa nimeinama nyuma ya nyumba, nilidhani ni mimba, na nilifurahi. Ilikuwa hofu tu.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilimwambia Mukamurenzi asijipake tena. Aliniuliza kwa nini. Nikasema watu wanaongea. Akasema, "Kwetu muntu asiyejipaka banasema ni mugonjwa ao muntu hana mama." Kisha akacheka kidogo, maana mama yake alikufa zamani. Sikujua hilo. Miezi miwili na nusu nimemtazama kila kidole na sikujua hilo.

Jumamosi, 2 Mei

Vijana wameingia nyumbani kwa shangazi yake wakatafuta kibuyu chini ya vitanda. Walichukua samli yote ya kupikia, na redio. Msichana alikuwa depo kwa bahati.

Shangazi alikuja kwangu akiwa amefunga mizigo. Anaitwa Nyirakamana, mzee mnyoofu, alisimama mlangoni hakutaka kuingia.

"Minye naenda Burundi na mutumbwi ya leo, nafasi ni moja. Ile mutoto nimuachie nani? Weye ni muke mukubwa, uko na nyumba. Mufiche."

Aliniambia mimi, hakumwambia Basile. Huyu mama hajui kwamba mdomo uliomletea mwanawe haya ni wangu. Au anajua. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo sasa analala kwangu. Chumba cha pili, kile tulichokijenga kwa ajili ya watoto.

Jumatatu, 4 Mei

Amefagia ua kabla sijaamka. Amepika. Basile ameongeza sahani.

Jumamosi, 9 Mei

Nilimkuta Basile amemwonyesha jinsi ya kunoa wembe. Wembe tu! Hakuna kilichofanyika, walikuwa mita mbili mbali, mlango wazi. Lakini walikuwa wanacheka, na niliposhuka ngazi wakaacha. Nimekaa jikoni nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Namwonea huruma na namchukia kwa saa moja hiyo hiyo, na ninapompakulia chakula sijui ni mkono gani unaompakulia.

Ijumaa, 15 Mei

Wanajeshi wamekimbia mji. Wameingia wale vijana wa pori. Risasi, kisha nyimbo, kisha kimya.

Jumapili, 17 Mei

Pentekoste. Hakuna misa.

Jumanne, 19 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa, nikiweza.

Saa nne hivi asubuhi tulisikia viatu uani. Walikuwa sita, wana majani vichwani, wawili wana bunduki, wengine mikuki. Mbele yao Hyacinthe. Mwaka jana alinitengenezea baiskeli akakataa malipo kwa sababu Basile alimfundisha kusoma. Leo hakunipa mkono. Alisimama mbali na mimi kama mtu anayeogopa moto.

"Basile iko wapi?"

Basile alitoka ndani. Mukamurenzi alikuwa nyuma ya nyumba anafua, na kati yake na hao watu palikuwa na mimi na kamba ya nguo.

"Mwalimu," Hyacinthe akasema, kwa heshima kabisa, "tunakuja kuchukua ile musichana ya mafuta. Batu yetu bamekufa mingi ku barabara. Mukubwa wa dawa anasema ile mafuta itengenezwe na mukono ya musichana safi, haijajua mwanaume. Tutamuchunga vizuri."

"Hyacinthe, rafiki yangu," Basile akaanza, "ile kitu ni plastiki tu. Njoo ku depo, nikuonyeshe. Hata ukipaka, ukiongeza jiwe, inatoboka. Inachelewa tu, lakini inatoboka."

Mmoja mwenye bunduki akasema, "Huyu anasema dawa haifanye?"

Nilimwona Hyacinthe anafumba macho kidogo. Alikuwa anamwomba mume wangu asiendelee, na mume wangu, mtu wa maabara, alikuwa anafungua mdomo aendelee. Angewaeleza kuteleza na kuvutika. Angewaeleza mpaka wamuue.

Na msichana akatokea pembeni, mikono ina povu. Alisikia. Alitembea moja kwa moja kuelekea kwao, kama siku ile alivyokwenda kunawa, na nikajua atasema nini: ni mimi, musimuguse mesiyo.

Nikapiga kelele. Sijui nilikuwa na sauti kubwa hivyo.

"Musichana safi? Safi gani? Hyacinthe, weye umekaa Songo miaka yote, hauna masikio? Huyu ni bibi ya bwana yangu! Minye sizae, batu yote banajua minye sizae, bwana yangu ametafuta mwingine! Muke-mwenza wangu huyu! Na iko na mimba!"

Wote wakarudi nyuma hatua. Mmoja akatema mate chini, akajifuta mikono kwenye majani. Mwenye bunduki akamwuliza Hyacinthe kitu kwa Kifuliiru, na Hyacinthe akajibu bila kumtazama.

"Ya miezi ngapi?" akaniuliza mimi.

"Tatu."

"Tangu amefika?"

"Tangu juma ile amefika," nikasema, nikaanza kulia, na sikuwa naigiza. Nililia kwa miezi yote. Nilimtukana Basile mbele ya watu, nikamtukana yule msichana, nyonga zake, nyimbo zake, kitenge chake cha kijani, jinsi anavyofuta chuma. Sikuhitaji kubuni hata neno moja, yote yalikuwa yamepangwa tayari ndani yangu. Majirani walitoka. Hata mgeni angeniamini.

"Mafuta ya muke ya mimba inaua dawa," Hyacinthe aliwaambia wenzake. "Twende, tusisimame hapa."

Alipogeuka alinitazama mara moja. Nadhani alijua. Nadhani ndiyo sababu aliondoka haraka.

Mukamurenzi alikuwa amesimama palepale na povu likimdondoka vidoleni. Basile alikuwa amekaa chini. Msichana akaja, akapiga magoti mbele yangu kama wanavyofanya kwao kwa mzazi. Nikamwinua kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 20 Mei

Tumekubaliana watatu, mezani. Hadi barabara ya mlimani ifunguke, atakuwa bibi wa pili. Atafunga kitambaa tumboni. Atatembea polepole. Mtu yeyote akiuliza, jibu ni ndiyo, hata akiwa ndugu, hata akiwa padri, kwa sababu hapa kila sikio lina njia ya kufika kwa Hyacinthe na wenzake. Mimi ndiye niliyetoa masharti. Basile alikuwa anakubali kwa kichwa, akiandika alama ndogo ndogo kwa kucha kwenye meza.

Jumapili, 24 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi la kwanza.

Mama mkwe amefika kutoka Nyakabere kwa miguu, amepita vizuizi vitatu na kuku hai chini ya kwapa. Habari zimemfikia shambani. Alinisalimu, sina la kulalamika, lakini alinisalimu akiwa anatembea. Alikwenda hadi kwa Mukamurenzi, akamshika mashavu, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa tumboni, taratibu, na akafumba macho. Msichana alinitazama mimi juu ya bega la mzee, amejaa machozi. Nikamtikisia kichwa kwamba atulie.

Halafu mama mkwe akamgeukia mwanawe.

"Basile, mutoto wangu. Minye ni muzee. Usinicheke. Ni kweli?"

Nilikuwa nimesimama na sinia la maji ya kunawa. Nilijua jibu. Mimi ndiye niliyemfundisha, mezani, siku nne zilizopita. Nilijiandaa kulisikia. Nilidhani atalitoa kwa shida, atameza mate, ataangalia chini kama anavyofanya akisema uongo, maana mume wangu hajui kusema uongo hata kwa mtoza kodi.

"Ni kweli, mama," Basile akasema.

Alisema akimtazama mama yake usoni. Alikuwa anatabasamu.

Mzee akapiga vigelegele, uani, katika mji ambao watu wanazikana kimya kimya. Nikaweka sinia chini. Kuku alikuwa amefungwa miguu karibu na mlango wa jikoni, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyemkumbuka, nikamchukua, nikaenda kumchinja.